Minyoo ya Busia na hofu ya kufungua mafaili

Julai 2015 baadhi ya magazeti ya Uingereza yaliandika kana kwamba imegundulika dawa za minyoo haziwasaidii wanafunzi. Chanzo kilikuwa marudio ya hesabu za utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, ulioanza 1998 katika shule 75 za msingi huko Busia, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa 2004. Wawili hao walikuta kwamba dawa zilipunguza utoro shuleni kwa robo, na kwamba hata wasiozimeza walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua katika eneo zima. Baadaye walitoa data zao pamoja na misimbo, yaani amri walizoiandikia kompyuta ili ikokotoe. Watafiti wa chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine wakavipitia vyote, wakakuta makosa.

Tangu hapo, mtafiti anayesita kufungua mafaili yake ana hoja tayari mkononi: waliofungua ndio waliosulubiwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini naona kisa chenyewe kinasomwa kinyume, kwa sababu wengi hukumbuka vichwa vya habari bila kulitazama kosa.

Kosa lilikuwa hivi. Ili kupima faida iliyovuka kutoka shule moja hadi nyingine, ilibidi kuhesabu wanafunzi wa shule zote zilizo ndani ya kilomita 3, kisha za kati ya kilomita 3 na 6. Msimbo ulihesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi. Pale shule zilipobanana, za kumi na tatu na kuendelea ziliachwa nje ingawa zilikuwa ndani ya umbali uliotajwa. Hesabu iliporekebishwa, faida kwa shule za kati ya kilomita 3 na 6 haikuthibitika tena. Kupungua kwa minyoo na utoro ndani ya shule zilizopewa dawa kulibaki palepale. Ubishi mwingine, ambao ulikuwa mkali, ulihusu njia ipi ya uchambuzi inafaa, jambo ambalo wanatakwimu hubishania kila siku.

Sasa fikiria msomaji wa makala ya 2004, au hata mhakiki wa jarida. Kwenye maandishi alisoma habari za shule zilizo ndani ya umbali fulani, na maelezo hayo hayakuwa na kasoro. Angeyasoma mara mia asingeiona ile 12, maana haikuwa kwenye makala. Ilikuwa ndani ya msimbo. Ilionekana kwa sababu waandishi waliamua ionekane. Kinachonisumbua mimi ni makala nyingine zote tunazozinukuu kwenye sera za afya na elimu, ambazo msimbo wake haujawahi kufunguliwa na mtu wa pili. Hizo hazijashinda mtihani wowote. Hazijaufanya.

Na waliofungua hawakuangamia. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya uchumi 2019. Miguel aliendelea kuongoza kituo cha uwazi katika sayansi za jamii cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichoanzishwa 2012. Watoto wale wa Busia wamefuatiliwa hadi utu uzima, na makala ya 2021 ilionesha kuwa, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na matumizi ya fedha makubwa kwa asilimia 14 kuliko wenzao. Ufuatiliaji wa namna hiyo hauwezekani kama kumbukumbu za 1998 zimetawanyika kwenye kompyuta za wasaidizi walioshaondoka.

Upande wa pili una hoja nzito. Anayekusanya madodoso kwa miezi vijijini anajua kwamba kundi lenye fedha na wachambuzi kumi linaweza kuchapisha kabla yake. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza mapema taarifa za Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, na nchi zao zikalipwa kwa kufungiwa safari za ndege. Kisha kuna wahojiwa wenyewe: kijiji, umri na idadi ya watoto vinatosha kumtambulisha mtu hata jina likifutwa, na sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazina mzaha.

Ila hofu hizi karibu zote zinahusu data. Msimbo unaosafisha madodoso hautaji hali ya afya ya mtu yeyote. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, huko Kilifi nchini Kenya, hupitisha maombi ya data nyeti kwenye kamati yake, na hakuna kinachozuia msimbo wa uchambuzi uliofanyiwa data hizo kuwekwa hadharani.

Pa kuanzia ni nyumbani, kabla ya mtu mwingine kuona chochote. Data ghafi zikae kwenye folda isiyoguswa. Kila marekebisho yaandikwe kwenye skripti, yaani faili la msimbo, yasifanywe kwa mkono ndani ya Excel. Anayetumia SPSS, programu ya takwimu, abonyeze kitufe cha Paste badala ya OK, amri zote zibaki kwenye maandishi. R, programu nyingine ya takwimu, haina leseni ya kulipia. Programu ya Git hutunza historia ya mabadiliko ya mafaili bila kuhitaji intaneti, jambo kubwa kwa anayenunua bando la wiki. Kazi ikiiva, hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo huitunza bure na kuipa DOI, namba ya kudumu ya kuinukuu.

Inachukua muda, na mwanafunzi wa uzamili hana muda mwingi. Ndiyo maana mzigo huu usiachwe kwake peke yake. Idara inayopokea tasnifu yenye majedwali ya takwimu inaweza kudai skripti ikabidhiwe pamoja nayo, na msimamizi aiendeshe kwenye kompyuta yake mwenyewe kabla ya kutia saini.