Mwalimu yuko Mahé, nyumba iko Kakamega: afuatwe au asubiriwe?

Mwalimu wa hisabati akipata mkataba wa Ushelisheli, jambo la kwanza kuzungumzwa nyumbani ni mshahara, la pili ni tiketi. Suala la mwenzi anayebaki huja baadaye sana, mara nyingi mwaka wa kwanza ukielekea kuisha na simu za jioni zimeanza kuwa fupi. Hapo ndipo ukoo unapogawanyika. Mama mkwe anasema ndoa haiishi kwenye simu, mfuate mumeo. Dada yako anakuuliza ni nani atakayelipia mkopo wa Sacco ukiacha kazi yako kwenda kutazama bahari.

Wote wawili wana hoja. Ubaya ni kwamba wanabishana kuhusu mapenzi na pesa, ilhali jambo linaloamua mengi limo ndani ya kibali cha uhamiaji.

Ushelisheli ni nchi ya visiwa 115, na wakazi wake wote ni kati ya 100,000 na 130,000 tu. Kaunti ya Kakamega peke yake ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Tangu 2015 Benki ya Dunia imeiweka Ushelisheli katika kundi la nchi zenye kipato cha juu, na vijana wake wengi huona utalii na benki zina faida kuliko chaki. Kwa hiyo shule zake zimezoea kujaza nafasi kwa walimu kutoka Kenya, India, Sri Lanka na kwingineko. Mikataba kwa kawaida ni ya miaka 2. Mara nyingi huwa na tiketi ya kwenda na kurudi, nyumba au posho ya nyumba, na kiinua mgongo mwishoni. Lakini mkataba huo ni wa mwalimu. Mwenzi akitajwa humo, ni kwa sababu mwalimu aliomba kabla ya kutia sahihi, na wengi hawaombi kwa kuogopa kwamba nafasi itapewa mwingine.

Kuingia si tatizo. Ushelisheli haidai viza kwa Mkenya: unaomba idhini ya safari mtandaoni, unapanda ndege Nairobi, na baada ya saa tatu hivi uko Mahé, kisiwa kikuu, na kibali cha mgeni ambacho huweza kuongezwa muda kwa ada. Mke au mume wa mwalimu mwenye kibali cha kazi anaweza pia kuombewa kibali cha mtegemezi. Jina la kibali hicho linajieleza. Kinakuruhusu kuishi na mwenzi wako, hakikuruhusu kufanya kazi. Ukitaka kazi, lazima mwajiri akuombee kibali cha ajira, ambacho huko hukiita GOP, na kabla ya hapo aonyeshe kwamba hakupata raia anayeifaa nafasi hiyo. Kwa muuguzi au mwalimu wa fizikia mlango huo hufunguka. Kwa karani wa kaunti, mwenye saluni au mfanyabiashara wa mitumba, sioni ungefunguka vipi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: kibali cha mtegemezi huombwa kwa cheti cha ndoa. Mahari imelipwa, wazee wamekula, watoto wawili wamezaliwa, ila cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilizipa ndoa za kimila hadhi sawa na nyingine, na tangu Agosti 2017 zinaandikishwa kwa msajili. Anayefikiria kumfuata mwenzi nje ya nchi aanzie hapo, hata kabla ya kuulizia bei ya tiketi.

Sasa upande wa mama mkwe, ambao nauheshimu kuliko wanavyouheshimu vijana wengi. Miaka 2 si mingi kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni karibu umri wake wote. Baba au mama anayeonekana kwenye skrini ya simu ni mgeni anayejua jina lako. Kisha mikataba hii huongezwa. Miaka 2 huwa 4, 4 huwa 6, na kila nyongeza ina sababu yake nzuri: ploti haijamalizika kulipiwa, mtoto anaingia sekondari. Nyumba mbili nazo hazina unafuu wowote. Kodi ya kule, kodi ya huku, tiketi za Desemba, na fundi aliyeachiwa ujenzi bila msimamizi, ambaye sihitaji kumweleza kwa msomaji yeyote wa Kenya.

Lakini wanaosema "nenda tu" huongea kama kwamba unakwenda fungate. Mahé ina urefu wa kilomita 27 hivi, na katikati imejaa milima. Morne Seychellois ina mita 905. Wiki ya kwanza utaizunguka yote kwa basi. Wiki ya tano mwalimu yuko shuleni tangu asubuhi, wewe uko peke yako kwenye nyumba ya kupanga, huna kazi, huna shamba, huna chama cha Jumamosi, na kila rupia unayotumia umempa mtu mwingine kazi ya kuitafuta. Samaki wapo na mashelisheli yapo, ila sehemu kubwa ya chakula huja kwa meli na bei zake zinaonyesha hivyo. Usishangae masanduku ya wanaotoka Nairobi yakiwa yamejaa unga. Huduma ya afya inayosifiwa kuwa ya bure ni ya raia. Mgeni na ausome mkataba kujua nani atamlipia hospitali.

Watoto ni fumbo la peke yake. Kikreoli kilifanywa lugha ya kwanza ya taifa mwaka 1981, na mwaka uliofuata kikaingia darasa la kwanza kama lugha ya kufundishia, kisha Kiingereza hushika nafasi madarasa yakipanda. Mtoto mdogo atakishika Kikreoli uwanjani kabla wewe hujajua kuulizia bei ya vitunguu. Wa darasa la nne au la tano ana kazi ngumu zaidi, na akirudi Kenya atarudi kwenye mtaala mwingine. Shule ya kimataifa ya kulipia ipo Victoria, mji mkuu, lakini ukishailipa hiyo, jiulize tena mlikwenda kutafuta nini.

(Watu wa Afrika Mashariki wa zamani walioishi huko hawakuombwa sahihi. Waingereza waliwakamata wafalme Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, kisha wakawapeleka huko. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliachiliwa 1923, akafariki Jinja kabla ya kufika kwao. Visiwa hivyo vilichaguliwa kwa sababu ni mbali na ni vigumu kutoka, na ni vizuri kukumbuka hilo ukitazama picha za mchanga mweupe.)

Mume anapomfuata mke, ugumu huongezeka. Mwanamke akiacha kazi kumfuata mumewe, kijiji kinampongeza. Mwanamume akifanya vivyo hivyo, ataambiwa amekaliwa chapati, na wa kwanza kusema watakuwa ndugu zake. Nadhani ni upuuzi, lakini upuuzi huo huweza kumfanya mtu akae Mahé kwa hasira miezi minane.

Msimamo wangu basi ni huu: mkataba wa kwanza usimfanye mtu aache kazi ya kudumu. Mkopo wa mwalimu aliyeondoka una wadhamini, na hati ya mshahara iliyobaki Kenya ndiyo inayowapa usingizi. Nenda kwa kibali cha mgeni, na nenda Desemba au Januari, wakati kaskazi inaleta mvua huko na nguo hazikauki, uone nyumba ilivyo siku ambayo hakuna pwani ya kwendea. Omba ruhusa bila malipo kwa mwajiri wako kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu. Asiye na kazi ya kuacha na mwenye watoto wadogo hesabu yake ni tofauti. Huyo ningemwambia aende mapema, mradi cheti kipo na gharama za hospitali zimeandikwa.

Wenye kazi za kompyuta wana njia ya tatu. Kebo ya baharini iliyotandikwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2012 iliifanya intaneti ya Mahé kuwa ya kutegemewa, na tangu 2021 nchi hiyo ina mpango wa kuwapokea watu wanaomfanyia kazi mwajiri aliye nje. Mhariri, mhasibu wa mbali au mtengeneza programu anaweza kumfuata mwenzi wake bila kuwa mtegemezi wa mtu.

Na kuna wanaoamua wote wawili waombe ualimu tangu mwanzo. Kwa wenye vyeti, naona ndiyo njia bora kuliko zote, kwa kuwa kila mmoja anakuwa na kibali chake, mshahara wake na kiinua mgongo chake. Waulize tu mapema watapangwa wapi. Nafasi hujazwa pale zilipo, na Praslin, kisiwa kingine, nayo ina shule. Mmoja akipelekwa huko na mwingine akibaki Mahé, mtaonana Ijumaa jioni, baada ya saa nzima ya boti.