Toba ya mdomo haitoshi
Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu kupatanishana kanisani anadai Mathayo 18:15-17 inatosha kumaliza kila ugomvi kanisani: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, akikataa chukua mtu mmoja au wawili, mwisho liambie kanisa. Kwa wanakwaya wawili waliokosana, sawa kabisa. Lakini binti aliyeumizwa na kiongozi wake, unamtumaje amfuate peke yake ofisini? Huko ni kumtesa mara ya pili, na jinai ni ya polisi, si ya baraza la wazee. Halafu makala haikumgusa Zakayo, yule mtoza ushuru, ambaye katika Luka 19:8 aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Usharikani kwetu mhazini alikula fedha za mabati. Alitubu mbele ya ibada, tukamwombea, ila wazee wakamwandikisha kulipa kila mwezi, na alicholeta kilisomwa kwenye matangazo ya Jumapili pamoja na sadaka. Aibu ilimpata, ndiyo, lakini waliochanga walianza tena kumpa mkono, na paa likaezekwa. Kwenu huko, mtu akirudishwa kundini, yule aliyekosewa huwa anaulizwa kama ameridhika?