Chungu Hiki Kilinunuliwa Kikiwa Kipya

Katika makumbusho mengi ya utamaduni, kibandiko kilicho mbele ya chungu hutaja jamii iliyokitumia na kazi yake: maji, pombe, mboga, nafaka. Jina la mama aliyekifinyanga huwa halimo. Kijijini kwake alijulikana. Watu walitambua mkono wake kwa shingo ya chungu na nakshi zake. Siku moja mtu alikuja, akalipa, akakibeba. Jina likabaki nyuma.

Chungu hicho hunijia akilini kila ninaposikia watu wakivutana kuhusu Makumbusho ya Kisumu. Wachoraji na wachongaji wa huku wanataka makumbusho yanunue kazi zao na kuzihifadhi. Wengine wanawajibu kwamba makumbusho ni ya urithi, si duka la picha. Jibu hilo lina uzito, na wengi wanaolitoa wanaipenda sanaa.

Makumbusho haya, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana midomo mingi ya kulisha. Kuna nyoka, mamba na matangi ya samaki. Unyevu wa ziwa haupumziki, nayo mbao na ngozi huharibika polepole bila mtu kugundua. Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, lenye nyumba za mikayi, nyachira na reru, yaani mke wa kwanza, wa pili na wa tatu, linahitaji nyasi mpya kila paa linapochakaa. Mabasi ya shule yakiingia, watoto hukimbilia mamba na boma. Hela ya dawa ya mchwa ikinunua picha, kuna kitu cha zamani kitakachooza, na hicho hakina cha kukirudisha. Tena, nani atachagua cha kununua? Tumeona tenda za umma zikiishia kwa mashemeji na marafiki. Mhifadhi anayeogopa kuufungua mlango huo simlaumu.

Ila hoja hiyo inasahau jinsi urithi wenyewe ulivyofika pale. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyo wa mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Mikusanyo ya aina hiyo kote nchini ilijazwa vitu ambavyo wakati huo vilikuwa bado vinatengenezwa na kutumika majumbani. Kigoda tunachokiita cha kale kilitoka mikononi mwa fundi aliyekuwa hai, pengine vumbi la mbao likiwa bado miguuni mwake. Hata leo Ber-gi-dala inasimama kwa sababu kuna watu wanaojua kuezeka. Kwa hiyo makumbusho yamekuwa yakiwategemea mafundi walio hai tangu mwanzo. Tunachobishania ni kama mchoraji wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, naye ni mmoja wao.

Mara nyingi wasanii huambiwa: ukumbi upo, njooni mfanye maonyesho. Ni jambo jema, lakini ukuta wa wiki mbili haumlishi mtu. Fremu analipia msanii, usafiri analipia yeye, soda za siku ya ufunguzi anazinunua yeye. Wageni wanapiga picha kwa simu, wanampongeza, na wiki ya tatu kanvasi zinarudi nyumbani juu ya bodaboda. Mwenye nguvu zaidi huzifunga kwa blanketi akapanda basi la usiku, kilomita takriban 350 hadi Nairobi, ambako galari, yaani jumba la kuonyesha na kuuza sanaa, ikimuuzia huweza kubaki na theluthi ya bei, wakati mwingine nusu. Tabaka, kule Kisii, ni vivyo hivyo kwa mawe: wanaume wanachonga, wanawake wanapiga msasa na kung'arisha, na sanamu inauzwa mbali ikiitwa tu jiwe la Kisii. Ni chungu kile kile kisicho na jina, safari hii tukiangalia kwa macho yetu.

Kuna namba moja ambayo naona haijapewa nafasi yake. Sheria ya hakimiliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, msanii alipewa haki ya kupata asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ni ndogo kwa kuisikia. Chukua mfano: mchoraji anauza picha Kisumu kwa shilingi 20,000, na miaka kadhaa baadaye muuzaji wa sanaa anaipeleka kwa 400,000. Asilimia 5 ya hizo ni 20,000. Anapata tena kiasi kile kile alichoanza nacho, bila kushika brashi. Lakini atadai vipi? Picha aliiuza uani, pesa mkononi, bila risiti, kwa mtu ambaye hana hata namba yake. Haki hiyo inasimama juu ya kumbukumbu: nani alichora, lini, ilikwenda kwa nani. Makumbusho yakinunua kazi moja tu ya mtu huyo na kuiandika katika daftari lao, yanampa ushahidi wa mkono wake na bei ya hadharani ambayo mnunuzi anayefuata hawezi kujifanya haioni. Galari inaweza kufungwa kesho na daftari lake likapotea nayo. Kuweka madaftari kwa vizazi ndiyo kazi ambayo makumbusho yanaijua kuliko mtu yeyote.

Kuhusu pesa, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne inaitaja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, huku Makumbusho ya Kisumu yakiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Kwa hiyo si lazima hela itolewe kwenye dawa ya mchwa. Kaunti inaweza kutenga fungu la kununua, makumbusho yakatoa chumba, rejista na utaalamu wa kutunza.

Na lile swali la nani atachagua lijibiwe kwa uwazi. Mwito utangazwe, kamati iwe na wasanii na walimu wa sanaa kutoka kaunti jirani, majina yao na bei zilizolipwa vibandikwe mlangoni. Kazi 3 au 4 kwa mwaka zinatosha kuanzia. Mfinyanzi awemo pia, mmoja wa akina mama wanaouza vyungu sokoni leo. Naye akilipwa, kibandiko kiandikwe jina lake kamili, kijiji chake, na mwaka aliokifinyanga.