Msitu ni wa Umma, Spika ni ya Shemeji

Kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini binadamu atoke Kasarani, akimbie kelele za matatu na kanisa la jirani na kiosk ya CD, alipe kiingilio na pesa yake mwenyewe, aingie Karura, msitu wa karibu hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ndege wanaimba bure, halafu kitu cha kwanza kutoa kwa begi ni spika? Na si ile ndogo ya mfukoni, hii inabebwa begani kama mtungi wa gesi. Mwenye spika ni shemeji yangu, kaka ya mama watoto, kwa hivyo hata kununa inabidi ninune kwa adabu.

Nikamwambia shem, hapa muziki hauruhusiwi. Akacheka. "Kwani msitu ni wa babako? Si ni mali ya umma?" Hapo ndio Wakenya wenzangu hunimaliza. Ukimwambia mtu kitu ni cha umma yeye anasikia ni chake peke yake mpaka jioni, halafu saa ya kuokota takataka ikifika ghafla ni cha serikali.

Lakini wacha nianze na getini maana hata huko kulikuwa na maneno. Tangu 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja na kutupa hazifai kuingia misituni, mbugani wala kwa fukwe za hifadhi. Hii si siri ya taifa. Lakini kila ukienda lazima ukute mtu mbele yako kwa foleni anashangaa kama ameletewa mswada jana usiku. Siku hiyo alikuwa mama na katoni nzima ya maji, askari akamwambia mama rudisha hiyo kwa gari, mama akasema hana gari amekuja na boda na maji yake hayatupwi na mtu, basi akapanga watoto wake mstari hapo hapo, kunywa, wewe pia kunywa, maliza, na sisi wote nyuma tumesimama kwa jua tunaangalia familia ikijazwa maji kama tangi. Wameingia ndani, hatujafika hata kona ya pili, watoto wote wanalia choo. Sasa hapo nani alimkomoa nani?

Mtu wa maana siku hiyo alikuwa shangazi tu. Alibeba mayai na viazi vya kuchemsha kwa sufuria, akafunga na leso, maji kwa kibuyu cha chuma, askari akamwangalia tu akampisha. Sisi vijana na mabegi ya bei tukakaguliwa mpaka soksi.

Sasa kima. Kima wa Karura ni watu wengine kabisa, wanajua sauti ya zipu. Ukifungua begi polepole wanashuka polepole, ukifungua haraka wanashuka haraka. Na wamefunzwa na nani? Na wewe unayerusha krisps ndio upige selfi. Kuna jamaa alikuwa anampa mmoja mkate kidogo kidogo, "ona anashika kama mtu, ona vidole", wasichana wanacheka, jamaa amefura kichwa. Kima akachoka na hiyo polepole. Alichukua mkate wote, na mfuko, na ufunguo wa gari uliokuwa ndani ya mfuko, akapanda juu akakaa anautafuna huku anatuangalia. Jamaa akaanza kumwomba kwa Kizungu. Sijui kwa nini Kizungu.

Bora hata kima, yeye tumbo lake ni la mtaa. Mbega, wale weusi wenye mkia mweupe mrefu na joho kama la jaji, hao walihamishiwa hapa kutoka upande wa Kipipiri, Nyandarua, kuanzia 2014, na tumbo lao limegawanywa vyumba vyumba, linachachusha majani polepole. Ukimrushia keki ni kumtafutia ugonjwa. Yaani mnyama atolewe Nyandarua na gharama yote hiyo, anusurike safari, anusurike Nairobi, halafu auawe na bathdei yako?

Halafu watu wa mbwa! Sheria ni kamba. Kamba iko, lakini mwenye mbwa ndio ameivaa shingoni, mbwa anakuja mbio, mkubwa kuliko mimi, na mwenyewe anapaza sauti kutoka mbali, "usijali, haumi, ni rafiki!" Rafiki ya nani? Tulisoma wapi na yeye? Mimi nimelambwa mpaka suruali ikabadilika rangi na bado nikaambiwa pole kwa sababu *nimemshtua mbwa*.

Turudi kwa shem. Alipokataa kuzima spika nilimketisha chini nikamweleza. Nikamwambia hapa unapokaa na kiuno chako palitaka kuliwa miaka ya tisini, wakubwa walikuwa wameshagawana vipande, na 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikuja na wenzake na miche ya kupanda tu, wakavamiwa na vijana wa kukodiwa, akapigwa kichwani, akaenda polisi kuandikisha na sahihi akaweka kwa damu yake mwenyewe. Mama wa watu alitoa damu ndio wewe ukae hapa, na wewe umeombwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Shem akanyamaza. Akatikisa kichwa. Hata akapunguza sauti, nikaona leo nimemfikia huyu mtu. Akaangalia miti, akaangalia njia, akauliza, "Na hizo plot zilikuwa zinaenda ngapi?"

Sikujibu. Nilichukua yai kwa sufuria ya shangazi nikala kwa hasira, maganda nikarudisha kwa leso.

Sasa kwa grupu ya familia wameshapanga ingine, safari hii ni Ngong Hills, wanasema huko kuna upepo wa kutosha na hakuna miti ya kufanya muziki usisikike vizuri. Nimeandika siendi. Mama watoto amejibu kwa niaba yangu kwamba naenda, na nabeba makaa. Shem yeye ameuliza swali moja tu, kama ile mitambo mikubwa ya upepo chini yake kuna soketi.