Paka niliyemtoa mtaroni Kisenyi

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu paka hana mwenyewe, na chakula hakosi. Nyanya akikaa barazani kupara samaki, wateja wake walikuwa wameshajipanga ukutani: shume mmoja mwenye sikio lililochanika, na majike wawili watatu. Nyanya hakuwa na kitu, lakini kichwa cha samaki hakukitupa jaani hata siku moja. Alituambia Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na kwamba Abu Huraira aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka chake. Tukakua tukidhani dunia nzima iko vile.

Huu ni mwaka wangu wa nane Kampala. Nimepanga Kisenyi, chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyotazama uwanja mmoja; hapa wanaviita mizigo. Majirani ni Waganda, Wasomali na Wakongomani. Kwa miaka miwili tulisalimiana kwa zile salamu ndefu za Kiganda (nazipenda mno), kisha kila mmoja akafunga mlango wake. Nilikuwa nikirudi kazini, nachemsha chai, nalala. Mgeni anajua ukimya wa namna ile.

Paka hapa wengi wanamwogopa. Nimesikia mara nyingi akitajwa pamoja na uchawi, na watoto wakimrushia mawe mkubwa hakemei.

Jioni moja mvua ilinyesha, mtaro wa Nakivubo ukajaa. Nikasikia kilio chini ya kingo. Kijana mmoja wa bodaboda alinishika mkono nikainama, nikatoka na kipaka kilicholowa, jicho moja limefumba kwa usaha. Mwenye nyumba, mama mtu mzima tunayemwita Nalongo kwa kuwa amezaa pacha, alikiona akarudi nyuma hatua mbili. Akaniambia nikitoe kabla ya asubuhi. Nikamwomba siku tatu.

Siku tatu hizo ndizo zilizonifungulia uwanja mzima. Mimi natoka alfajiri, kipaka kinataka kula kila baada ya saa chache. Nikabisha mlango wa mama mmoja wa Bukavu, aliyekimbia vita na ambaye hakuwa akizungumza na mtu. Hakuniuliza lolote, alikipokea akakiweka kifuani ndani ya kitenge. Niliporudi nilimkuta amechemsha mukene, hizi dagaa za hapa, amezisaga kwa vidole, na anakiimbia. Usiku hakuwa akipata usingizi, akaniambia baadaye, lakini sasa kuna kitu kinachopumua karibu naye. Kisha watoto wakaja kuchungulia, mama zao wakawafuata watoto. Nalongo alihesabu panya waliopungua stoo yake ya mahindi, na habari ya siku tatu ikaisha yenyewe. Paka wa nyumba haingwa.

Wako watakaosema huruma hii ingepewa watu kwanza. Nawaheshimu, lakini nimeishi jambo hili na sioni kwamba huruma ni sufuria moja inayopungua ukipakua. Yule mama alianza kuongea na watu baada ya kumtunza paka. Na Gulu, kaskazini mwa nchi hii, Francis Okello Oloya, aliyepofuka utotoni kwa mlipuko wa bomu, alianzisha mpango unaowaunganisha manusura wa vita vya waasi wa LRA na mbwa waliookolewa. Mtu aliyeumia moyo anapewa kiumbe kilichoumia naye, wanaponyana. Huko ni mbwa, uwanjani kwetu ni paka, na nilichokiona ni kilekile.

Sasa niseme na ndugu zangu wa Mombasa, kwa sababu hapa Kampala ndipo nilipojua tulichokikosa. Daktari wa mifugo aliyetibu lile jicho aliniambia paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na hubeba kwa miezi miwili. Hebu fanya hesabu. Kwetu tunawalisha, wanazaa, na vipaka vinakufa chini ya magari kila msimu, nasi tunajihesabia thawabu za vichwa vya samaki. Alimchanja paka wangu kichaa cha mbwa alipofika miezi mitatu. Ugonjwa huo mara nyingi huletwa na mbwa, lakini paka naye huupata na kuambukiza, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra mno kupona. Akamwonyesha Nalongo namna ya kuosha jeraha la kung'atwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali kupata chanjo. Watoto wote wa uwanja wetu wanalijua hilo leo. Utotoni mwangu, katikati ya paka wote wale, hakuna aliyetufundisha.

Idi iliyopita nilikwenda nyumbani nikakaa na vijana barazani pa marehemu nyanya. Tukachanga. Paka wanne wamehasiwa na kuchanjwa, wa kwanza akiwa shume wa pale mlangoni. Jike mweupe wa sokoni bado hajakamatika, ila binamu yangu ananiambia ameanza kula karibu na mkono wake.