Mjomba kagongwa Igoma, kampuni ya bima nimekuwa mimi wa Leicester

Mi huku Leicester nina mwaka wa saba sasa, nalea wazee kwenye kea homu, na mambo mengi ya huku nimeshayazoea mpaka sioni cha kuandika. Ila hili la kugongwa na gari limenikaa kooni, kwa sababu mwaka 2024 tuligongwa wawili ukoo mmoja, mi huku mwezi wa tatu, mjomba kule Mwanza mwezi wa nane, na kilichofuata ni mbingu na ardhi.

Yangu ilikuwa ndogo. Tumetoka shifti ya usiku, tumo kwenye gari la mwenzangu wa kazini, tumesimama kwenye kipilefti tunasubiri magari yapite, mama mmoja akaja akatuchapa kwa nyuma. Hata kishindo cha maana hamna, bampa tu ilibonyea. Kesho yake sasa, shingo haigeuki, mtu akiniita kushoto nageuka mwili mzima kama fisi. Miezi minne nikaishi hivyo.

Huku England tangu mwezi wa tano 2021 kuna mfumo wa mtandaoni wa madai madogo ya ajali za gari, unajaza mwenyewe bila wakili, na shingo ina bei, sitanii, serikali imeweka jedwali kabisa. Kipindi kile ikikuuma isizidi miezi mitatu ni pauni 240, ikizidi mitatu mpaka sita ni 495, inapanda hivyo hivyo (2025 wameongeza kidogo). Nikalipwa 495 yangu pamoja na shifti nilizokosa, ushahidi wa hizo shifti ulikuwa pesilipu tu. Yule mama sijamwona tena. Wala hakuniomba samahani, nasikia bima zao zinawaonya wasikiri kosa pale barabarani, basi akabaki anapiga picha bampa.

Hela yenyewe sio kilichonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kuna sheria ya 2018 inayoikataza kampuni ya bima kumalizana na mtu wa shingo kabla ripoti ya daktari haijapatikana. Hata ukiwaambia nina shida leo nipeni chochote yaishe, hawaruhusiwi. Lazima kwanza ijulikane umeumia kiasi gani ndo muongee hela. Nikasoma hiyo nikacheka peke yangu kwenye basi, maana nilikumbuka namna sisi tunavyomaliza mambo.

Sasa mjomba. Anauza dagaa, anachukua Mwaloni pale Kirumba anapeleka Igoma kwa baiskeli, Phoenix yake ya siku zote, viroba viwili nyuma. Siku hiyo haisi imetoka kupakia abiria Igoma, ikaingia barabarani bila kuangalia, ikambeba na baiskeli yake. Mguu ukavunjika chini ya goti sehemu mbili. Shangazi anasema alipofika alikuta mjomba kakalishwa pembeni anapigwa kelele asilale, na wengine wanaokota dagaa, na sio wa kumrudishia yeye. Mpaka leo ukimuuliza mjomba habari za ajali anaanza na dagaa.

Polisi walikuja, trafiki akapima, akachora, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikatolewa, mjomba akapelekwa hospitali. Mpaka hapo kila kitu kilienda vizuri tu. Siku ya nne, mguu bado umevimba kama mtungi, hajajua hata kama atafanyiwa upasuaji au atafungwa piopi tu, dereva akaja na kaka yake na mjumbe, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Nimeiona, shangazi alinitumia picha: "Mimi nimepokea shilingi laki mbili kwa ajili ya mguu, baiskeli na dagaa viroba viwili na sitakuwa na madai mengine yoyote." Dole gumba la wino wa bluu limekandamizwa hapo chini, la mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na dripu.

Laki mbili! Mguu, baiskeli, na dagaa.

Wiki mbili baadaye madaktari wakasema mguu unataka chuma. Group la ukoo likaita kikao, na mnajua kikao cha ukoo mwenye ndugu Ulaya kinaishia wapi. Mjomba akanipigia video, kaishika eksirei dirishani jua lipite, ananionyesha mfupa ulivyoachana, "Umeona mpwa wangu, hapa na hapa," kama ananionyesha shamba. Chuma, kitanda, dawa, bajaji za kwenda kliniki, miezi saba bila biashara, nimepiga hesabu nimetuma milioni mbili na laki tatu. Yaani bima ya ile haisi nimelipa mimi, bila stika.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Binamu yangu aliingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kwa simu akaweka namba ya ile gari, wiki ile ile ya ajali. Bima ilikuwa hai! Hai kabisa. Wengi tunachukulia bima ndogo ni kitu cha kumwonyesha trafiki ili akuachie upite, mwaka ule wa ajali ilikuwa 118,000 kwa gari ndogo ya kutembelea, haisi inazidi hapo kwa sababu ya siti, unalipa unasahau. Kumbe ile bima ndogo wala sio ya gari yako, ni ya yule utakayemgonga, ndo maana sheria ikailazimisha. Ukimuumiza mtu ukashindwa kesi, kampuni ndo inatakiwa imlipe. Sasa mjomba hana kitu, dereva hana kitu, wanachangishana laki mbili ya kukopa chini ya mwembe, na yule ambaye amelipwa kwa kazi hiyo hiyo hajapigiwa hata simu. Hakuna kampuni itakayokutafuta ikwambie njoo nikulipe. Ukinyamaza, nao wananyamaza.

Wengine wanachanganya na faini pia. Dereva akipelekwa mahakamani akakiri, akalipa faini, mtaani wanasema ameshalipa. Amelipa serikali hiyo! Mgonjwa haoni hata mia. Hukumu ile unaichukua nakala, ni silaha yako unapodai fidia, na fidia ni habari nyingine kabisa.

Nilimpigia mjomba nikiwa na hasira za mtu aliyetoka kutuma hela. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndo alivyo, halafu akaniambia, "Mpwa wangu, yule kijana gari sio yake, anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, ana watoto wawili, gari ikikaa polisi wote tunalala njaa, mimi na yeye." Nikakosa cha kumjibu. Kwa sababu ni kweli, na kwa sababu huko ndo utamu na uchungu wa nyumbani ulipo. Yule dereva alikuja nyumbani kwa mjomba mara tatu, na sukari, na unga, mara ya pili kamleta mke wake, wakakaa kwenye mkeka na watu waliojaa uani. Mi huku nilipougua shingo, mwenzangu wa kazini alinitumia kimdoli cha kutabasamu kwenye simu. Nikapika ugali wangu nimekaza shingo, hamna aliyegonga mlango.

Na wa huku wasijione watakatifu. Miaka miwili sasa napigiwa simu na namba nisizozijua, "tumesikia ulipata ajali," wanatafuta watu wa kudai, wakili wa kushinda ndo alipwe anaweza kukata mpaka asilimia 25 ya sehemu ya fidia yako. Kuna magenge yanafunga breki makusudi mbele yako ili umgonge akadai shingo, ndo moja ya sababu hata hilo jedwali likawekwa. Na hiyo hiyo michezo inachangia bima za magari huku kuwa juu. Lakini ukigongwa na gari isiyo na bima, au ikikimbia isijulikane, kuna ofisi ya pamoja ya kampuni za bima, ipo tangu 1946, unadai huko. Kwetu gari ikikimbia, kinaitwa kikao.

Mi sisemi tuache kumalizana. Dereva alete sukari, wakae mkekani, wasameheane, ni jambo zuri na huku nalikosa. Ila msamaha ni wa dereva, kampuni ya bima hatujagombana nayo, inasamehewa ya nini? Usiweke dole gumba mguu ukiwa umevimba. Subiri daktari aandike. Tunza PF3, piga picha namba ya gari siku ile ile kabla watu hawajaanza kulia, kila risiti hata ya bajaji iweke, na kama biashara yako haina pesilipu basi daftari la mali kauli linatosha kuanzia. Mjomba risiti nusu zimepotea, daftari lipo, linanuka dagaa lakini lipo. Na wakili sio lazima awe wa bei mbaya, msaada wa kisheria una sheria yake tangu 2017, wapo wanaotoa bure kwa mtu asiye na uwezo.

Muda wa kudai kwa mambo ya namna hii ni miaka mitatu, Tanzania na Uingereza wamefanana kwenye hili. Mjomba ana mpaka mwezi wa nane 2027. Nimeshaongea na mwanasheria mmoja wa Mwanza, kataka aione ile karatasi ya daftari na PF3, na shangazi kaipata PF3 ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne. Kilichobaki ni mjomba mwenyewe, maana karatasi za madai zitaandikwa jina la mwenye gari na jina la dereva, hata kama mlipaji ni kampuni, na hapo ndo alipogoma. Jumapili nimempigia tena.

"Sasa mpwa wangu, nitamwandikaje? Juzi tu kanibeba mpaka Buzuruga, kanikalisha siti ya mbele kwa ajili ya mguu, na nauli hakuchukua."

Nikamuuliza, gari ipi, akasema si ile ile.