Fremu Mpya Yenye Jina la Zamani: Unalipia Nini?

Mwaka 1977, katika jimbo la California, Joe Breeze alianza kujenga baiskeli ambazo wengi wanazihesabu kuwa za kwanza kuundwa mahususi kwa ajili ya milima. Zilikuwa takriban kumi tu. Hakuweka kikomo hicho ili apandishe bei. Ni kazi ya mikono, na mikono ilikuwa miwili. Sasa chukua fremu maarufu iliyotolewa upya, yenye kibati kilichochongwa, tuseme, namba 87 kati ya 200. Kiwanda kilichotoa hizo 200 kingeweza kutoa elfu mbili bila kutoka jasho. Uhaba wa kwanza ulitokea wenyewe, huu wa pili umeamuliwa na watu mezani. Mnunuzi ana kila sababu ya kuuliza pesa yake inanunua nini.

Wapo wanaosema inanunua rangi na kumbukumbu, basi. Wana hoja. ARC ya kampuni ya Yeti, baiskeli ya milimani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na fremu ya aluminiamu. Mwaka 2020, kampuni ilipotimiza miaka 35, ilitoa ARC ya maadhimisho: kaboni, magurudumu ya inchi 29, imepakwa ile feruzi inayotambulika kwa mbali. Ni fremu nzuri, sibishani na hilo. Lakini ukiifuta rangi na jina, hakuna atakayekisia undugu wake na ile ya zamani.

Upande wa pili kuna toleo linalofuata la zamani neno kwa neno: mabomba membamba ya chuma, magurudumu ya inchi 26, nafasi ya milimita 135 kwa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, breki zinazobana rimu. Hapo uaminifu haupingiki, ila maisha yako yanakuwa ya kutafuta vipuri. Rimu na matairi mazuri ya inchi 26 yamepungua sana kwa baiskeli za hadhi hiyo, na habu za kisasa zenye upana wa milimita 148 haziingii. Shingo ya fremu nayo ni nyembamba, kwa hiyo foku nyingi za leo (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), ambazo shina lake hunenepa kuelekea chini, hazipiti.

Foku ndiyo inayowaangusha wengi. Fremu nyingi za miaka ya 1980 zilichorwa kwa foku fupi isiyo na springi, kabla kampuni ya RockShox haijaleta RS-1, foku yake yenye springi, mwishoni mwa muongo huo. Ukiifungia foku ndefu, mbele inanyanyuka: kila milimita 20 za urefu hulaza pembe ya shingo, yaani mwinamo wa shingo ya fremu, kwa karibu digrii moja. Ekseli ya pedali inapanda, usukani unakuwa mzito kujibu kwenye kona za polepole, na ule wepesi uliolipia umeshaupoteza. Wepesi huo ndio uhondo halisi wa fremu hizi. Pembe ya digrii 71 hukata kona katikati ya miti kwa namna ambayo baiskeli ya leo, yenye digrii 65 au 66, haiwezi. Kwenye mteremko mkali ni kinyume chake, unahisi unarushwa juu ya usukani. Kuhusu madai kwamba chuma “hulainisha njia”, nadhani yametiwa chumvi. Tairi linabonyea mara nyingi zaidi ya fremu yoyote.

Kwa nini basi mtu asitafute ya asili iliyotumika? Kwa sababu chuma huoza kutoka ndani. Rangi inaweza kung'aa huku kutu inakula bomba la chini, nguzo ya kiti imegandamana, na ufa mwembamba kama unywele umekaa kando ya mahali palipochomelewa. Hapo toleo jipya linashinda bila ubishi: chuma kipya na dhamana ya kampuni, ingawa dhamana hiyo kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

Mimi naegemea njia ya kati, kama aliyoifuata mjenzi wa fremu Chris Chance alipoirudisha Yo Eddy, baiskeli yake ya zamani, mwaka 2015. Ilibaki ya chuma, na mwenye jina ndiye aliyeirudisha, lakini ikapokea breki za diski na magurudumu makubwa. Wenye msimamo mkali wataiita usaliti. Nikiwa kwenye tope, nitawasikiliza nikishasimama.

Kuitundika ukutani ni suala jingine. Walioanzisha mchezo huu mwaka 1976, kwenye mteremko wa Repack huko California, walitumia fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakazivua kila kisichohitajika na kuzitesa. Breki za ndani ya habu zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi zijazwe upya; jina la mteremko limetoka hapo, maana “repack” kwa Kiingereza ni kujaza upya. Hakuna aliyekuwa akiuliza kama rangi ni ya kiwandani. Anayenunua toleo maalumu ili auze baadaye, kwa upande wake, anabeti kwamba kampuni haitatoa jingine mwakani kwa rangi nyingine, na kampuni haikumwahidi hivyo.

Kwa anayekusudia kuiendesha, ningetazama kwanza kile kipande kidogo kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Kama kimeungana na fremu na ni cha chuma, fundi atakinyoosha kikipinda. Kama kinafunguliwa kwa bolti, na kimechongwa kwa ajili ya hizo 200 peke yake, nunua vitatu siku hiyo hiyo.